Friji ya Sisimizi

Jumapili, 15 Januari

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: Baba yangu haoni mstari wake.

Jana nilimpelekea chakula kazini, kwenye zahanati mpya anakobandika vigae. Korido ni ndefu, dari bado haijawekwa, bati tupu juu, na mchana joto la humo ndani linakukaba koo. Mwisho wa korido Baba huweka leza yake, kale kaboksi ka njano, nayo inapiga mstari mwekundu sakafuni mwanzo hadi mwisho. Kigae kinafuata mstari. Ndiyo kazi yenyewe.

Nilipofika alikuwa amepiga magoti, kanipa mgongo. Hakunisikia (mimi hakuna anayenisikiaga). Alikuwa anapapasa kiungo cha vigae viwili kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu aliyedondosha sindano gizani. Akafumba macho, akayafumbua, akayafuta kwa mkono wa shati, akainama tena. Kisha akasema peke yake, "Yamekwisha haya."

Nikarudi nyuma, nikakohoa, nikaingia upya.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, nimeshakula njaa yenyewe."

Akacheka, na mimi nikacheka. Nikaketi kwenye ndoo ya gundi kumsubiri amalize, na sikusema kitu. Kutosema ndiko ninakokuweza zaidi duniani.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu lugha ya shuleni naijua ya kujibia mitihani. Hii ndiyo ya siri.

Jumanne, 17 Januari

Joto. Baba kala kimya, Mama kala kimya. Mimi ndiyo kawaida yangu.

Jumamosi, 21 Januari

Leo nimesikia nisichotakiwa kusikia. Nilikuwa nafua uani, dirisha la chumba chao wazi.

"Nikimaliza hii korido naacha," Baba alisema. "Mwenye duka la vigae ananitaka nikauze."

"Wewe uuze?" Mama akasema. "Mteja akichagua kigae kibaya si utamfukuza dukani?"

"Nitajifunza kunyamaza. Binti yangu atanifundisha."

Mama alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati kama uzi mbovu. Niliendelea kufua shati lilelile mpaka likachoka.

Baba anabandika vigae tangu sijazaliwa. Tukienda kumwona mgonjwa hospitali, yeye kwanza anaangalia sakafu, mgonjwa baadaye. Akikuta kiungo kimepinda anasikitika kama kafiwa. Siku akiwa nyuma ya kaunta akiuza sabuni ya kusafishia vigae, atakuwa mtu mwingine, na sijui kama huyo mtu mwingine atanichekesha.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Asubuhi Baba hapapasi. Jumatano nilipita pale kabla ya shule, nikamkuta amesimama wima, mstari unang'aa, anapiga mluzi. Shida inaanza jua likipanda juu ya bati. Kama ni macho, mbona asubuhi ni mazima?

Mwalimu wa fizikia alitufundisha muhula uliopita kwamba diodi haipendi joto. Ndani ya leza kuna diodi, punje ndogo kuliko mchele, ndiyo inayotoa mwanga. Ikichemka, umeme uleule unatoa mwanga kidogo.

Leo mchana nilienda tena, nikauangalia mstari. Niliuona umefifia. Ila sijiamini. Ninapotaka kitu sana, macho yangu hunipendelea. Ninahitaji kitu cha kuuangalia mwanga ambacho hakimpendi Baba.

Jumamosi, 28 Januari

Kwa Mjomba. Mjomba, kaka yake Mama, ana kibanda cha kutengeneza redio, simu, na mashine za kuchezea sahani za muziki. Ukweli wa moyoni: nimekuwa nikimwona mtu wa maneno tu. Redio ya nyumbani kaichukua "kwa siku mbili" nikiwa darasa la sita, na sasa niko kidato cha tatu.

"Injinia!" akapiga kelele nilipoingia. "Leo umeleta mdomo au umeuacha nyumbani tena?"

Nilikuwa nimeandika mahitaji yangu kwenye karatasi ili nisilazimike kuzungumza. Akaisoma, akanyamaza. Sikuwahi kumwona Mjomba kimya. Akaisoma tena.

"Unataka kuipooza diodi, halafu uipime?"

"Ndiyo."

"Ya nini?"

"Ya shule," nikasema. Uongo mdogo.

Hakubisha. Aliingia chini ya meza, miguu tu ikibaki nje, akaanza kurusha vitu. Feni ya kompyuta. Pande la alumini lenye mapezi. Kipande cha sola kutoka kwenye kikokotoo kilichokufa. Sanduku la vichwa vya leza, vya mashine za sahani na vya leza za mafundi ujenzi zilizomfia mikononi. Mwisho akatoka na mashine ya kupozea maji ya kunywa, ile ndogo ya mezani, akaifungua tumbo.

"Kitu chako hiki hapa."

Ni mraba mweupe mwembamba, mgumu, una nyaya mbili. Kama kigae kidogo cha bafuni! Ukipitisha umeme, upande mmoja unapoa na wa pili unachemka. Ukibadilisha nyaya, pande nazo zinabadilishana. Nilikishika kiganjani nikafikiri: basi na mimi nina kigae changu cha kubandika.

Jumapili, 5 Februari

Kimesimama! Nakichora kwa maneno. Chini kabisa feni. Juu yake alumini ya kubeba joto. Juu ya alumini, kwa grisi nyeupe, kigae changu. Juu ya kigae, kiti cha shaba nilichokikata kwenye bomba, ndipo inapokaa diodi, na kipimajoto kidogo kinaigusa ubavuni. Mbele yake kile kipande cha sola kinakunywa mwanga na kuiambia mita ya umeme kiasi chake. Yote ndani ya boksi la viatu nililolipaka masizi, lenye kidirisha cha karatasi nyeupe pembeni, kwa sababu leza haiangaliwi machoni hata ukiwa na haraka vipi.

Mjomba ameunda saketi inayoipa diodi umeme uleule, haupandi haushuki. Mimi ninabadilisha joto peke yake. Mwanga ukipungua, mwizi ni joto, hana wa kumsingizia.

Mama alikuja kuangalia, mikono ina unga. Akakigusa kiti cha shaba. Kilikuwa cha baridi.

"Mwanangu, kazi yote hii, na humo haiingii hata nyanya moja?"

"Si ya nyanya, Mama."

"Basi ni friji ya sisimizi."

Jina limeganda. Hata Baba jioni kauliza, "Sisimizi wako hawajambo?" Nikasema hawajambo. Nilitamani kusema mengine.

Jumatano, 8 Februari

Maji! Hewa imeanza kuwa nzito, watu wanasema mvua zitawahi mwaka huu. Nilishusha baridi sana, nikaona diodi imetoka jasho kama chupa ya soda. Nikazima haraka. Dawa yake: nisishuke chini ya nyuzi ishirini, na ndani ya boksi niweke vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye viatu vipya, vilivyoandikwa usile. Nimeomba darasa zima vipakiti. Yaani nimezungumza na darasa zima. Nimepata kumi na kitu, pamoja na soksi moja ambayo sijui ya nani.

Mvua zikiwahi, mchana hautachemka tena, na nitakuwa sina cha kumwonyesha Baba. Na korido imebaki robo.

Jumamosi, 11 Februari

Siku mbaya. Naandika yote ili itoke.

Nilitaka kupima diodi nzuri kuliko zote za Mjomba, iliyotoka kwenye leza ya fundi kama ya Baba. Kigae changu kilikuwa na nyaya fupi, kwa hiyo jana niliziunganisha na waya mrefu, na kwa kuwa nilikuwa na waya mweupe tu, zote mbili zikawa nyeupe. Nisisahau upande unaochemka, nikabandika kikaratasi upande wa chini: MOTO. Upande wa juu: BARIDI. Nikajiona nina akili.

Nikaenda kuchota maji ya kunywa. Mjomba, kwa wema wake, akaona aniunganishie.

Niliporudi feni ilikuwa inazunguka, Mjomba anatabasamu. Niliangalia kipimajoto. Ishirini na nane. Thelathini na tano. Hamsini. Kilikuwa kinapanda kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Kwenye kidirisha wekundu ukawa unazama.

"ZIMA!"

Ilikuwa sauti yangu. Fundi viatu wa kibanda cha jirani alitoa kichwa nje.

Mjomba alizima, lakini ikawa imechelewa. Kulikuwa na harufu ya gundi iliyoungua. Tulipowasha tena kwa taratibu, diodi ilitoa mwanga wa kibiriti kinachokata roho, halafu hata huo ukaisha.

"Mbona uligeuza nyaya, Mjomba?"

"Sijageuza! Wewe mwenyewe umeandika." Akanyoosha kidole kwenye kikaratasi changu. Kilikuwa kimejikunja, kimelalia mzizi wa waya mmoja. "Moto. Waya wa moto. Nikaupeleka kwenye moto."

Kwa fundi yeyote wa umeme, waya wa moto ni ule wenye umeme. Nani asiyejua? Kila siku nasikia: "Usiguse, huo ni wa moto." Lakini mimi niliwaza kwa lugha ya shule, ambako upande unaochemka na waya wenye umeme wana majina mawili tofauti kabisa, halafu nikaandika kwa lugha ya nyumbani, ambako wote wawili wanaitwa moto. Mjomba kasoma sawasawa. Nimeandika sawasawa. Diodi imekufa sawasawa.

Nikalia. Mjomba hakufanya mzaha. Alikaa chini, akachukua karatasi, akauliza kwa upole, "Hii si ya shule, sivyo?"

Nikamwambia. Yote: kidole, macho kufutwa, duka la vigae. Nilizungumza mpaka mate yakanikauka.

"Shemeji yangu," akasema. Akatikisa kichwa. "Na utani wote ule ninaomfanyia, 'kipofu hamwoni kipofu'. Kumbe nilikuwa namchoma."

Kisha akabandua kile kikaratasi, akaandika kingine: JASHO. Akakibandika palepale chini. "Hapo hata mimi sitakosea. Hakuna waya wa jasho."

Na akaendelea kunyoosha nyaya mpaka kibanda cha jirani kikafungwa. Huyu ndiye niliyekuwa namwita mtu wa maneno tu.

Jumatatu, 13 Februari

Niliota nimechoma leza ya Baba. Shuleni sikumbuki kitu.

Jumapili, 19 Februari

Nilimwomba.

Alikuwa amekaa barazani akisafisha mwiko wake wa kazi. Nilipita mbele yake kwenda, nikapita kurudi. Nikapita tena.

"Unapima baraza?" akauliza.

"Baba, naomba leza yako."

"Ya nini?"

"Nataka kuipima. Nadhani joto linaimaliza."

Mwiko ukasimama. Aliniangalia, na nikaona anaelewa kwamba ninajua. Nilidhani atakasirika.

"Na ikionekana nzima?" akauliza taratibu.

Nilikuwa na friji ya sisimizi, vipakiti kumi na kitu, lakini jibu la hilo sikuwa nalo. Mama ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, bila kutoka: "Ikionekana nzima, mzee wangu, tutajua. Kutojua ndiko kunakokukondesha."

Kumbe na Mama anajua! Sote watatu tulikuwa tunafichana kitu kilekile ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Mjomba alikuja na bisibisi zake. Tukaifungua leza mezani, sebuleni, mchana kweupe. Niliitoa diodi kwa mikono yangu kwa sababu Mjomba alisema mikono yake leo imekunywa kahawa. Nikaikalisha kwenye kiti cha shaba. Nikahakiki waya. Nikahakiki tena. Mjomba akasoma kwa sauti kama anayesoma risala: "Jasho chini. Baridi juu."

Baba akavuta kiti hadi kwenye kidirisha. "Geuza mita huko, nisiione. Usinitajie namba. Mimi nitasema ninachoona mimi."

Yaani alijiweka yeye mwenyewe kwenye mtihani. Sisi tulikuwa tunapima leza. Yeye alikuwa anapimwa pamoja nayo.

Nilianza nyuzi ishirini. "Huyo hapo," akasema. "Mwekundu kama pilipili." Mita ilisoma mia moja na kumi.

Kisha nikabadilisha nyaya kwa makusudi, ili kigae kipashe badala ya kupooza. Kosa la wiki iliyopita, safari hii kwa adabu. Thelathini. "Bado yupo." Thelathini na tano. "Kanywea." Niliangalia mita: ilikuwa imeshuka sasa hivi. Arobaini. "Anaondoka huyu." Mita ilikuwa inaporomoka. Kila alichosema, mita ilikuwa imekwisha kukisema sekunde moja kabla, na yeye haioni. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikaogopa utatikisa meza.

Arobaini na tano, joto la ile korido mchana.

Baba aliinama zaidi. Akafuta macho kwa mkono wa shati, vilevile.

"Hapa sioni kitu," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayeweka kitu kizito chini.

Nikainama kwenye kidirisha, shavu langu karibu na lake. Karatasi ilikuwa nyeupe. Palikuwa na kivuli cha wekundu, labda, kama ungeambiwa kipo.

"Hata mimi sioni, Baba."

"Usinifurahishe."

"Sioni. Mita inasema mwanga umebaki thelathini."

Mjomba akachungulia. "Hata mimi. Na mimi nina macho ya kunguru."

Mama akatoka jikoni, akachungulia, akasema, "Mnaangalia nini? Karatasi?"

Baba hakucheka. "Rudisha baridi," akaniambia. Nikarudisha nyaya. Feni ikavuma. Tukasubiri wote wanne, vichwa vimekutana kama wanaochungulia kisima, na hakuna aliyepumua vizuri. Baba ndiye aliyeuona kwanza. Kabla yangu! Mimi nilikuwa bado naona weupe mtupu.

"Huyo anakuja," akasema. Na baadaye kidogo, kwa sauti nyingine kabisa: "Huyooo."

Akainuka, akatoka uani. Tukamsikia anapenga kamasi. Aliporudi alitaka kuiona mita yenyewe, kama fundi anayemkagua fundi mwenzake. Akaishika. Akaisogeza mbali. Akaisogeza mbali zaidi.

"Hii ni tatu au nane?"

"Mzee wangu," Mama akasema, "mkono wako ukirefuka tena kidogo utafika kwa jirani."

Hapo tulicheka mpaka Mjomba akashikilia meza, na mimi nikaishikilia friji isianguke. Basi macho ya kuonea karibu yamechoka, kama ya kila mtu wa umri wake, alisema Baba mwenyewe. Lakini mstari? Mstari anauona kuliko mimi.

Jumamosi, 25 Februari

Wiki nzima nimepima sanduku la Mjomba, diodi moja baada ya nyingine. Nyingi ni marehemu. Tatu zinazimia kwenye joto kama ya Baba. Moja, iliyotoka kwenye leza chakavu isiyo hata na kifuniko, imefika nyuzi arobaini na tano na mwanga wake bado ni themanini. Sura mbaya, roho ngumu. Hiyo ndiyo tuliyomwekea Baba, na nusu siku ikapita tukitafuta mkao wa kioo chake mpaka mstari ukawa mwembamba.

Mchana tulienda koridoni sote wanne. Bati linalia kwa joto. Baba akawasha, akarudi hadi mlangoni, akasimama wima. Mstari ulinyooka toka mwisho mpaka kwenye ncha za viatu vyake.

Alipiga magoti, lakini si kwa kupapasa. Alibandua vigae vitatu alivyobandika zile siku za kidole. "Hivi vimepinda," akasema.

Mjomba akainama. "Mimi naona viko sawa."

"Ndiyo maana wewe unatengeneza redio."

"Redio gani sasa?" Mama akauliza. Mjomba akajifanya anakagua dari ambayo haipo.

Jumatano, 1 Machi

Korido imekwisha. Baba ameenda duka la vigae kukataa kazi, na kwa kuwa alikuwa hapo hapo, amegombana na mwenye duka kuhusu kigae kilichopangwa dirishani.

Jumapili, 12 Machi

Mvua. Tangu alfajiri, juu ya bati, haina hata mahali pa kupumzikia. Diodi zote za dunia leo ni nzima.

Zahanati wamempa Baba na jengo la pili, vyumba vyote. Mwalimu wa fizikia ameniomba nilete friji shuleni niielezee mbele ya darasa. Nilimwambia nitafikiri. Kisha nikageuka mlangoni nikamwambia nimeshafikiri, nitaleta. Sijui nani alisema hayo kwa mdomo wangu.

Lakini kuna balaa jipya. Jumatatu Baba alipata miwani ya kusomea. Tangu siku hiyo hapumziki. Anasoma kila kitu, na kwa sauti. Kasoma pakiti ya chumvi. Kasoma masharti ya dawa ya mbu, mpaka yale maandishi ya chini kabisa ambayo hata walioyaandika hawajayasoma. Kasoma ripoti yangu ya mwaka juzi, pale palipoandikwa "hashiriki mazungumzo darasani", akacheka peke yake. Jana kamsomea Mama risiti ya nguo, bei mpaka tarehe, Mama akasema, "Macho yalivyokuwa mabovu tulikuwa na amani."

Humu ndani nimemwandika anafuta macho kwa shati. Nimemwandika anapenga kamasi uani. Nimeandika kwa herufi ndogo sana, zamani ilitosha.

Ndala zake hizo. Anakuja, anauliza kama kuna chochote cha kusoma huku chumb—